Uvujaji wa Pili: Kisa cha Ashley Madison

Tarehe 12 Julai 2015 wafanyakazi wa Avid Life Media, kampuni ya Toronto nchini Kanada, waliwasha kompyuta zao asubuhi wakakuta ujumbe wa vitisho umejaa kwenye skrini, ukisindikizwa na muziki wa roki. Kundi lililojiita Impact Team lilitangaza kwamba limeshaingia katika seva za kampuni na kuchota kila kilichokuwamo. Sharti lao lilikuwa fupi: tovuti mbili za kampuni hiyo, Ashley Madison na Established Men, zifungwe moja kwa moja, la sivyo data za wateja zitamwagwa hadharani. Kampuni haikuzifunga. Tarehe 18 Agosti data zikamwagwa.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama kichekesho cha waume waliofumaniwa. Mimi nakisoma kwa jicho lingine. Naona data zile zilivuja mara mbili: mara ya kwanza kwa mikono ya wadukuzi, na mara ya pili kwa mikono ya watu wa kawaida kabisa, wasiojua kudukua hata simu ya jirani. Wadukuzi walikwisha kulaaniwa na kila mtu. Hao wa pili hawakuulizwa lolote, na ndio wanaotuhusu zaidi, kwa sababu mimi na wewe tungeweza kuwa miongoni mwao.

Tuanze na biashara yenyewe. Ashley Madison ilikuwa tovuti ya kutafutiana wapenzi, ila iliwalenga watu waliokwisha kuoa au kuolewa. Kaulimbiu yake ilisema maisha ni mafupi, basi chepuka. Mkurugenzi wake, Noel Biderman, alizunguka kwenye vipindi vya televisheni akiitetea bila haya, na kampuni ilijigamba kuwa na wanachama milioni 37. Kilichouzwa pale ni siri. Tovuti za wapenzi ni nyingi na nyingine hazitozi chochote. Mtu aliyeifuata Ashley Madison alifuata ahadi kwamba hatajulikana. Ukurasa wa mbele ulipambwa kwa alama za usalama, mojawapo ikiwa nembo ya tuzo ya "usalama wa kuaminika". Baadaye ilikuja kujulikana kwamba tuzo hiyo haikutolewa na mtu yeyote. Kampuni ilijitungia.

Halafu kulikuwa na huduma ya kufutwa. Aliyetaka kuondoka angeweza kuzima akaunti bure, lakini kuzima hakukufuta chochote. Maelezo yake yalibaki kwenye hifadhidata bila kikomo. Aliyetaka kufutwa kabisa alitakiwa kulipa dola 19. Impact Team walidai kwamba hata hao waliolipa hawakufutwa inavyopaswa, na kwamba kumbukumbu za malipo, zenye majina halisi na anwani za nyumbani, zilibaki palepale. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulithibitisha kwamba kampuni iliendelea kutunza maelezo kwa miezi 12 baada ya mtu kulipia kufutwa, ili ijilinde na wateja ambao wangekana malipo yao kwa benki. Tafakari jambo hilo kidogo. Mtu analipa ili asahaulike, na risiti ya kusahauliwa kwake ndiyo inayomtaja.

Wadukuzi walisema hasira yao ilitokana na ulaghai huo wa dola 19. Ikiwa ni kweli, basi walichagua njia ya ajabu ya kuwatetea waliolaghaiwa, maana katika kumwaga data waliwamwaga haohao waliolipa wakaibiwa. Ujumbe wao wa Agosti uliwashauri waliojikuta kwenye orodha waishtaki kampuni, wadai fidia, wajifunze, waombe radhi nyumbani, kisha waendelee na maisha; aibu ni ya leo tu, itapita. Wakaongeza kwamba huenda mume wako alijiandikisha lakini hakuwahi kumpata yeyote, alijaribu tu, kama tofauti hiyo ina maana kwako. Mtu anayeandika maneno hayo amekwisha kujivika joho la hakimu, na hukumu yake haina rufaa.

Basi ni kitu gani kilichomwagwa? Faili la kwanza, lenye ukubwa wa karibu gigabaiti 10 likiwa limebanwa, lilikuwa na majina, anwani za barua pepe, anwani za mitaa, kimo na uzito wa watu, majibu yao kuhusu wanachopenda faraghani, na kumbukumbu za malipo ya kadi kuanzia mwaka 2008 zenye tarakimu nne za mwisho za kila kadi. Siku mbili baadaye likafuata furushi la pili, zaidi likiwa nyaraka za kampuni yenyewe na barua pepe za mkurugenzi. Nywila za wanachama zilikuwa zimefumbwa kwa bcrypt, njia iliyobuniwa makusudi iende polepole ili anayejaribu kubahatisha achoke. Hilo lilikuwa jema. Lakini kwenye safu nyingine ya hifadhidata ileile, watengenezaji waliacha alama za kuingilia zilizotokana na nywila hizohizo na kufumbwa kwa MD5, njia ya zamani na ya haraka mno. Septemba 2015 kundi la watu wanaofumbua nywila kama hobi, CynoSure Prime, lilipita mlango huo wa nyuma na kufumbua nywila zaidi ya milioni 11. Mlango wa mbele una komeo la chuma na dirisha la jikoni liko wazi; wahandisi wa usalama wameshakutana na nyumba kama hiyo mara nyingi.

Hapa sharti nisimame kidogo kwenye jambo moja la kiufundi, kwa kuwa uzito wote wa maadili umelalia juu yake. Ashley Madison haikuthibitisha barua pepe. Tovuti nyingi, ukijiandikisha, hukutumia kiungo cha kubofya ili zijue kweli anwani ni yako. Hii haikulazimisha hatua hiyo. Mtu yeyote aliweza kuandika anwani ya mtu mwingine yeyote, akaunti ikafunguka, na anwani ikakaa kwenye orodha milele. Ndiyo maana orodha iliyovuja ilikuwa na anwani iliyojifanya ya Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Mbunge mmoja wa Scotland alijikuta akieleza kwamba anwani yake ya zamani inaonekana ilichukuliwa na wadukuzi, na kwamba yeye hana habari na tovuti hiyo. Kulikuwa na maelfu ya anwani za serikali na jeshi la Marekani, hata waziri wa ulinzi wa wakati huo, Ash Carter, akasema suala hilo linaangaliwa, kwa sababu kwa mwanajeshi wa Marekani uzinzi unaweza kuwa kosa la kijeshi. Ngapi kati ya anwani hizo ziliandikwa na wenyewe? Orodha haisemi.

Haisemi mengine pia. Haimtofautishi aliyechepuka miaka mitano na aliyejiandikisha usiku mmoja kwa udadisi akafunga kompyuta asirudi tena. Kwa orodha hiyo, mseja aliyekuwa huru kufanya atakalo, mjane, mwandishi wa habari aliyekuwa akichunguza tovuti, mke aliyeingia kumtafuta mumewe, na wanandoa waliokubaliana wenyewe kwa wenyewe, wote ni mstari mmoja wa maandishi. Wengine walikuwa wanaishi katika nchi ambako uzinzi, au mapenzi ya jinsia moja, unaweza kumgharimu mtu uhai. Nao ni mstari mmoja. Zaidi ya hayo, uchambuzi wa data na wa programu za tovuti, uliofanywa na mwandishi Annalee Newitz, ulionyesha kwamba akaunti za wanawake zaidi ya 70,000 hazikuwa za watu kabisa. Zilikuwa roboti za programu zilizotumwa kuwachokoza wanaume wanunue salio la kujibu ujumbe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya waume "waliofumaniwa" walifumaniwa wakizungumza na kompyuta.

Sasa uvujaji wa pili.

Faili la gigabaiti 10 lililowekwa kwenye mtandao wa giza, yaani sehemu ya intaneti isiyofikiwa kwa kivinjari cha kawaida, na kusambazwa kwa torenti, njia ya watu kugawana mafaili makubwa, si kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukisoma. Unahitaji programu maalumu, nafasi ya kutosha kwenye diski, na ujuzi wa kuhoji hifadhidata. Siku ya kwanza, kwa hakika, siri zile zilikuwa mikononi mwa watu wachache wenye ufundi. Lakini ndani ya siku chache tovuti zilichipuka zenye kisanduku kimoja tu katikati ya ukurasa: andika barua pepe, bonyeza, pata jibu. Kampuni ilituma madai ya hakimiliki kujaribu kuzifunga, ikawa kazi ya kufukuza nzi. Hapo ndipo data zilipokuwa za umma kwa maana halisi. Waliotengeneza visanduku hawakuvunja seva ya mtu. Wengi wao, nadhani, walijiona wanatoa huduma. Walichofanya ni kuondoa ugumu, na ugumu ndio uliokuwa kinga pekee iliyobaki.

Na watu waliandika. Waliandika anwani za waume zao, za wake, za wakubwa wa kazini, za wachungaji, za wapenzi wa zamani, za majirani. Radio moja ya Sydney iliwaalika wasikilizaji wapige simu ili watangazaji watafute majina moja kwa moja hewani. Mwanamke mmoja aliambiwa, wasikilizaji wakisikia, kwamba maelezo ya mumewe yamo, naye akakata simu. Watangazaji wenyewe walisikika wakitahayari. Matapeli nao hawakulala: watu walipokea barua pepe zinazodai bitikoini moja, sarafu ya kidijitali ambayo siku hizo ilikuwa kama dola 225, la sivyo mwenza wako ataarifiwa. Matapeli hao hawakuhitaji kujua kama aliyetumiwa barua ana kosa. Woga ulitosha. Tarehe 24 Agosti polisi wa Toronto walitangaza zawadi ya dola 500,000 za Kanada kwa atakayesaidia kuwapata wadukuzi, na wakasema wamepata taarifa mbili, ambazo hazijathibitishwa, za watu waliojiua kuhusiana na uvujaji huo. Baadaye familia ya mhubiri mmoja wa Marekani ilijitokeza yenyewe kusema kwamba marehemu alitaja jambo hilo katika barua aliyoiacha.

Majina ya watu hao yapo, na anayetaka atayapata. Hapa siyaandiki, hata ya yule mwanaharakati wa maadili ya familia, maarufu wa televisheni, aliyekiri hadharani baada ya kutajwa. Nitarudi kwake.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na hoja ya kwanza kutolewa ilikuwa ile iliyotarajiwa: wamejitakia. Mtu aliyeingia kwenye tovuti ya uzinzi hana haki ya kulia akijulikana. Sitabishana sana na hoja hii, kwa kuwa inadhani jambo ambalo tumeona si kweli, yaani kwamba kila aliyekuwemo aliingia. Lakini hata tukiwachukua wale walioingia kweli na kuchepuka kweli, bado pana tatizo. Kosa lao walimkosea mtu fulani. Huyo ndiye mwenye deni la kudai. Umati wa watu milioni kadhaa wasiomjua mume wala mke umepata wapi hisa katika deni hilo? Watu walioshangilia hawakuwa wakimtetea mke yeyote. Wake wengi walijua habari zao siku moja na ulimwengu mzima, na kwa mwanamke aliyesalitiwa, kuonewa huruma na mtaa mzima si fidia. Ni adhabu ya pili.

Hoja ya pili ni ya kiuvivu kidogo, nayo ndiyo inayotumika zaidi: data zimeshavuja, mimi kuzitazama hakuongezi madhara. Ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inashawishi. Mtu wa milioni moja kufungua faili hafanyi siri iwe wazi zaidi kwa dunia. Lakini siri za nyumbani haziogopi dunia. Zinamwogopa bosi, shemeji, mwalimu wa watoto, mtu wa kiti cha tatu kanisani. Dunia ikijua kwamba anwani fulani imo kwenye orodha, hakuna kinachobadilika. Wewe unayemfahamu mwenye anwani ukijua, kila kitu kinabadilika. Siri ya mtungi aijuaye kata, na tovuti zile ziligawa kata kwa kila mpita njia. Kwa hiyo anayesema "mimi ni mmoja tu" amepiga hesabu kinyume: kwa yule mwathirika, mtu mmoja anayemjua ni hatari kuliko wageni milioni.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sipendi jinsi wengi wanaotetea faragha wanavyoiruka. Mwenza ana haki ya kujua. Anaweza kuambukizwa ugonjwa. Fedha za nyumba zinaweza kuwa zimeliwa. Anaweza kuwa anafanya maamuzi makubwa ya maisha, kuzaa, kuhama, kuacha kazi, akitegemea jambo ambalo halipo. Mtu aliyeandika anwani ya mumewe kwenye kisanduku kile usiku wa manane, mikono ikitetemeka, simlaumu, na sitaki kumweka kapu moja na aliyekuwa akitafuta wafanyakazi wenzake kwa kujiburudisha.

Ninachosema ni kwamba kisanduku hakikuweza kumpa alichokuwa akikitafuta. Jibu la "yumo" halikumaanisha amechepuka, kwa sababu ya barua pepe zisizothibitishwa. Jibu la "hayumo" lilikuwa bovu zaidi, maana mchepukaji mwenye akili alifungua anwani mpya ya kazi hiyo tu, au alitumia tovuti nyingine kabisa, na mkewe akalala usingizi wa faraja ya uongo. Haki ya kujua anayo, lakini anayedaiwa ukweli ni mumewe, na kwake ndiko swali linakopaswa kwenda, hata kama orodha ndiyo iliyolichochea. Najua ushauri huo ni rahisi kuutoa ukiwa nje. Kuna nyumba ambazo mwanamke hawezi kuuliza swali kama hilo bila kupigwa. Kwake sina jibu la jumla. Ila hata huyo, matokeo ya kisanduku yasingemlinda, na akiuliza akiwa ameshika karatasi yenye kosa angekuwa hatarini mara mbili.

Sasa yule mwanaharakati. Waandishi wa habari walikuwa na swali gumu kuliko la mtu wa kawaida: je, kuna jina lolote ndani ya orodha ambalo umma unastahili kulijua? Msimamo wangu ni kwamba yapo, machache, na kipimo si umaarufu. Mtu anayetumia mamlaka au jukwaa lake kuwabana wengine juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe analifanya kisiri amelifanya jambo hilo kuwa la umma kwa mdomo wake. Kwa kipimo hicho kumwandika kulikuwa halali, mradi mwandishi athibitishe kwa njia nyingine, mfano kumbukumbu za malipo ya kadi yake, na ampe nafasi ya kujibu. Mchezaji mpira aliyekuwemo, au mtumishi wa manispaa, hawafikii. Wala anwani ya serikali peke yake haifikii; inaonyesha matumizi mabaya ya barua pepe ya ofisi, hilo ni suala la msimamizi wake na barua ya onyo. Magazeti kadhaa yalihesabu anwani za kila idara ya serikali na kuzichapisha kama ligi. Sijaona manufaa yoyote ya umma yaliyotokana na ligi hiyo.

Mtu aliyelitafakari suala zima mapema kuliko wote hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa fundi. Troy Hunt, Mwaustralia mtaalamu wa usalama wa mitandao, alianzisha tovuti ya Have I Been Pwned Desemba 2013. Kazi yake ni rahisi: unaandika barua pepe, inakuambia data zako zilivuja katika udukuzi upi. Kwa kawaida jibu hupatikana na yeyote kuhusu anwani yoyote, na hakuna ubaya mkubwa. Kujua kwamba anwani ya jirani ilivuja kutoka kampuni ya programu hakumvunjii ndoa. Ashley Madison ilikuwa kitu kingine. Hunt alitangaza tangu Julai, kabla data hazijamwagwa, kwamba zikitoka hataruhusu zitafutwe hadharani. Atakayetaka kujua atajiandikisha, mfumo utatuma ujumbe kwenye anwani yenyewe, na jibu litaonekana kwa yule tu anayeweza kulifungua sanduku la barua la anwani hiyo. Aliunda kundi zima la uvujaji aliouita nyeti, na tangu hapo uvujaji mwingine wa aina hiyo huwekwa humo.

Ukitazama vizuri utaona alichofanya. Alikuwa na data zilezile na kisanduku kilekile kama wengine. Alibadilisha kitu kimoja: nani anajibiwa. Mwathirika alipata taarifa aliyoihitaji ili abadilishe nywila, aonye benki, ajiandae kwa matapeli, labda aketi na mwenza wake kabla hajasikia kwa watu. Mdadisi hakupata chochote. Na angalia kinaya chake: hatua ya kuthibitisha barua pepe, ambayo Ashley Madison iliipuuza na hivyo kuwachafua watu wasiohusika, ndiyo Hunt aliyoitumia kuwakinga. Kama kanuni ya kiungo cha kubofya ingekuwepo tangu mwanzo, nusu ya mjadala huu isingekuwepo.

Wapo waliomlaumu. Walisema anawalinda wazinzi, na kwamba tovuti nyingine zinajibu hata hivyo, basi kukataa kwake ni kujipaka manukato. Hoja hiyo ya "wengine watafanya tu" imetumika kuhalalisha karibu kila kitu katika teknolojia, na kasoro yake ni ileile siku zote: inapima kitendo changu kwa uwezo wa wengine badala ya kukipima kwa matokeo yake. Tovuti yake ilikuwa na watumiaji wengi na sifa ya kuaminika. Kisanduku chake kingekuwa ndicho kinachotajwa redioni.

Kampuni yenyewe ilipatikana na makosa yaliyotarajiwa. Biderman aliondoka tarehe 28 Agosti 2015. Agosti 2016 makamishna wa faragha wa Kanada na Australia walitoa ripoti ya pamoja: hakukuwa na sera ya usalama iliyoandikwa ipasavyo, nembo ya tuzo ilikuwa ya kubuni, maelezo ya waliozima akaunti yalitunzwa bila sababu, na kutothibitisha barua pepe kuliwaweka watu wasio wateja kwenye hatari ya kuchafuliwa jina. Nafurahi kwamba makamishna walilitaja hilo la mwisho. Vyombo vya habari havikuligusa sana, kwa sababu linaharibu utamu wa hadithi. Desemba 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa walimalizana na kampuni, iliyokuwa imeshabadili jina kuwa Ruby, kwa malipo ya dola milioni 1.6 hivi, adhabu iliyopangwa ilikuwa milioni 17.5, lakini kampuni ilionekana haina uwezo wa kuilipa.

Kesi ya wateja ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mashauri mengi yaliunganishwa mbele ya jaji John Ross wa mahakama ya shirikisho ya Missouri. Mawakili wa wateja walitaka kutumia barua pepe za ndani za kampuni, zile zilizotoka kwenye furushi la wadukuzi, ili kuthibitisha habari za roboti. Yaani watu waliodhurika kwa kusambazwa kwa data zilizoibwa waliomba mahakama ikubali data zilizoibwa, kwa kuwa safari hii zilikuwa za upande wa pili. Aprili 2016 jaji alikataa. Nyaraka za wizi, alizozihesabu pia kuwa zimegusa mawasiliano ya siri kati ya kampuni na wanasheria wake, hazikuingia. Ukilaumu visanduku vya Agosti ni vigumu kumlaumu jaji huyu, ingawa moyo wangu ulikuwa upande wa wateja.

Uamuzi wake mwingine wa mwezi huohuo ni mgumu zaidi kuumeza. Watu 42 waliofungua madai kwa jina la kubuni, lile ambalo mahakama za Marekani humpa mtu asiyetaka kutajwa, waliambiwa kwamba wakitaka kuwa wawakilishi wa kundi zima watumie majina yao halisi. Umma una haki ya kujua nani anadai kwa niaba ya mamilioni, na anayewawakilisha wengine hawezi kujificha nyuma yao. Kisheria ina mantiki. Lakini maana yake ilikuwa kwamba ili kudai fidia kwa kuanikwa, mtu alipaswa kwanza kujianika, safari hii kwa hiari, kwenye jalada la mahakama ambalo haliwezi kusemwa kuwa na kosa la tahajia au anwani ya kughushi. Asiyetaka angebaki mwanachama wa kawaida wa kundi na kungoja. Julai 2017 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 11.2 kwa kundi zima, huku ikikana kufanya kosa lolote, na tovuti ikaendelea kufanya kazi.